Hisa za Intaneti, Mananasi na Msitu wa Dakatcha: Nianze Wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni binti wa Magarini, Kilifi, natengeneza programu za kompyuta Nairobi, na nimejiwekea akiba ya shilingi milioni 2.5. Kwetu, upande wa Dakatcha, ukoo una kipande cha msitu ambacho kila mwaka kinapungua kwa sababu ya mkaa na mashamba ya mananasi. Nimesoma kwamba matajiri wa teknolojia huko Marekani walitajirika kwa hisa za intaneti, kisha wakaokoa misitu mikubwa. Nataka kuiweka akiba yote kwenye hisa za kampuni nne au tano za intaneti, nisiziguse miaka kumi, halafu faida ndiyo ilinde msitu. Hesabu yangu iko sawa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nia yako ni njema, ila mpangilio umekaa kinyumenyume. Miaka kumi inatosha hisa nzuri kukua, na inatosha pia msitu wa ukoo kwisha. Mchoma mkaa hasubiri soko la New York. Ukifuata mpango huo kama ulivyo, hata bahati ikikuangukia, huenda ukarudi Magarini na pesa za kulinda mashina ya miti.

Hao Wamarekani uliowasoma mara nyingi husimuliwa nusu nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayokuhusu.

Mchukue Gordon Moore, mmoja wa waasisi wa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta iliyoanzishwa 1968. Yeye na mkewe Betty waliunda taasisi yao ya hisani mwaka 2000, wakaikabidhi hisa zao nyingi za Intel. Angalia mwaka wenyewe. Hisa ya Intel mwaka 2000 ilipita dola 70. Mwaka 2002 ilikuwa imeshuka chini ya dola 15, na kwa zaidi ya miaka 20 haikurudi ilikokuwa. Mtu aliyenunua Intel kileleni akitegemea kulinda msitu kwa faida yake angezeeka akisubiri. Hata hivyo, Desemba 2001, bei zikiwa zimekwisha kuporomoka, taasisi ya Moore iliahidi shirika la uhifadhi la Conservation International hadi dola milioni 261 kwa muda wa miaka 10. Imekuwa pia miongoni mwa wafadhili wa mpango wa ARPA nchini Brazili, ulioanza 2002, ambao husaidia kuendesha hifadhi zenye takriban hekta milioni 60 za msitu wa Amazon. Hilo ni eneo kama la Kenya nzima.

Waliwezaje? Kwanza, hisa zile hawakuzinunua sokoni. Walizipata kwa kuanzisha kampuni wakati hazina thamani, kwa hiyo hata zilipoanguka kwa zaidi ya robo tatu bado zilikuwa utajiri mkubwa. Pili, mali ilishatoka mikononi mwao na kuingia kwenye chombo chenye wadhamini, chenye kazi ya kutoa pesa kila mwaka, soko lipande lishuke. Chombo cha namna hiyo hakikai na hisa za kampuni moja kwa mapenzi. Huziuza kidogo kidogo na kutawanya mali.

Wa pili ni Greg Carr, ambaye ana uhusiano na Nairobi kwenu. Mwaka 1986 alishiriki kuanzisha Boston Technology, kampuni ya mitambo ya kupokea ujumbe wa sauti kwenye simu. Baadaye akawa mwenyekiti wa Prodigy, mojawapo ya kampuni za mwanzo za huduma za mtandao Marekani, na mwenyekiti wa Africa Online, ile iliyoanzishwa na vijana wa Kenya waliosomea Marekani na kuwaunganisha wengi wetu na intaneti katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 aliacha biashara, yaani kabla kishindo cha soko hakijatokea. Mwaka 2004 alianza kazi Gorongosa, Msumbiji, hifadhi ambayo vita vya 1977 hadi 1992 viliimalizia zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wakubwa. Mwaka 2008 alitia saini mkataba wa miaka 20 na serikali ya Msumbiji, na 2018 ukafuata mwingine wa miaka 25.

Kwangu mimi, jambo kubwa la Carr ni kahawa kuliko pesa. Mlima Gorongosa uliingizwa kwenye hifadhi mwaka 2010, lakini msitu wake wa mvua uliendelea kufyekwa kwa ajili ya mashamba, kwa sababu tangazo la serikali halimlishi mtu. Ndipo mradi ukawashirikisha wakulima wadogo kupanda kahawa chini ya kivuli, pamoja na miche ya miti ya asili. Mkulima akishakuwa na mibuni inayotaka kivuli, anayo sababu yake mwenyewe ya kuutunza mti. Hilo lishike, nitalirudia kwenye mananasi yenu.

Sasa Jeff Bezos, maana najua ndiye uliyemfikiria. Kampuni yake ya Amazon, ya biashara ya mtandaoni, iliingia sokoni Mei 1997. Desemba 1999 hisa yake ilifika kama dola 107. Mwaka 2001 ilikuwa chini ya dola 6. Februari 2020 Bezos akatangaza dola bilioni 10 kwa ajili ya tabianchi na mazingira, na sehemu yake imekwenda kwenye kurudisha misitu na ardhi iliyochakaa barani Afrika. Inapendeza kusikia. Lakini mweke pembeni Bezos, umfikirie binti kama wewe, mwenye akiba kama yako, aliyenunua Amazon Desemba 1999 na kuapa kutoigusa miaka kumi. Bei ya dola 107 ilirudi mwishoni mwa 2009. Karibu miaka kumi, faida sufuri, tena huyo ni yule aliyechagua kampuni iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote za biashara ya mtandaoni. Aliyechagua Pets.com, iliyoingia sokoni Februari 2000, aliiona ikifungwa Novemba mwaka huohuo. Soko lote la Nasdaq, lenye hisa nyingi za teknolojia, lilifika pointi 5,048 tarehe 10 Machi 2000, likaanguka hadi 1,114 Oktoba 2002, na likachukua miaka 15 kurudi.

Usiseme hayo ni ya Wamarekani. Wazee wako wanaikumbuka Safaricom ya 2008: foleni benki, watu wakikopa ili wanunue kwa shilingi 5. Mwaka 2009 ilishuka chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ikapita 40, na kila mtu akasema alijua. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Kampuni ni ileile, M-Pesa ni ileile, na simu zilikuwa zinaita kama kawaida.

Sijakukataza kununua hisa. Nataka uone kwamba gharama za msitu na mwendo wa hisa havilingani. Tuseme kulinda kipande chenu kunahitaji vijana wawili wa kijijini, walinzi wa muda, kila mmoja shilingi 12,000 kwa mwezi. Hiyo ni 288,000 kwa mwaka, na haikubali kusubiri. Kijana asipolipwa miezi mitatu anaacha doria, na pengine ndiye atakayeongoza wachoma mkaa, kwa kuwa njia zote anazijua. Akiba yako yote ikiwa kwenye hisa na soko likaanguka kama Nasdaq ilivyoanguka, asilimia 78, unabakiwa na shilingi 550,000. Mishahara ya miaka miwili haitoshi hapo, na ili urudi ulipoanza, hisa zilizobaki lazima zipande mara nne na nusu. Ukiuza wakati huo ili ulipe walinzi, unauza kwa hasara mali ambayo ingekuja kukutoa.

Watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na Mmarekani. Wazee waliweka wakfu minazi na nyumba za Mombasa, Lamu na Malindi kwa ajili ya misikiti na visima: mali yenyewe haiuzwi, kinachotumika ni pato lake tu. Mashariki ya Afrika tunayo mifano ya msitu pia. Uganda, mwaka 1994, iliundwa amana ya misitu ya Bwindi na Mgahinga kwa mtaji wa takriban dola milioni 4 kutoka Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Mtaji uliwekezwa ng'ambo. Walichofanya kwa busara ni hiki: miaka ya mwanzo gharama zililipwa na wafadhili wengine, Marekani na Uholanzi, ili mtaji upate nafasi ya kukua kabla ya kuanza kutafunwa. Pato likagawanywa asilimia 60 kwa miradi ya wanavijiji, 20 kwa utafiti na 20 kwa uendeshaji wa hifadhi. Sehemu ya pesa za amana ilinunua ardhi kwa ajili ya Wabatwa, waliofukuzwa msituni 1991 hifadhi ilipotangazwa. Sokwe wa milimani wa Bwindi, pamoja na wale wa Sarambwe upande wa Kongo, walihesabiwa 459 katika sensa iliyoanza 2018. Sisemi amana peke yake ndiyo iliyofanya hayo, ila imekuwepo miaka yote hiyo wakati miradi mingi ya wafadhili ilikuja na kuondoka.

Kwako wewe, anayelipa gharama za mwanzo ni mshahara wako. Kijana mwenye kazi nzuri hujidharau hapo, akadhani pato la kweli liko kwenye hisa.

Tuanze na ardhi. Hujaniambia msitu uko chini ya hati gani, na hiyo ni habari kubwa kuliko bei ya hisa yoyote. Kama ni ardhi ya jamii isiyosajiliwa, pesa yako ya kwanza iende huko. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii ijisajili na ichague kamati ya watu 7 hadi 15, na makubaliano makubwa ya uwekezaji yaidhinishwe na theluthi mbili ya mkutano. Kama ni ya ukoo kwa hati, au mashamba ya watu binafsi yaliyopakana, Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu msitu binafsi kusajiliwa na Huduma ya Misitu ya Kenya. Tenga kama shilingi 400,000 kwa mpimaji, wakili, nauli za wazee na mikutano, ambayo haiendi bila chai. Dakatcha mmeshaonja. Kati ya 2009 na 2012 kulikuwa na mpango wa kufyeka makumi ya maelfu ya hekta zipandwe jatrofa ya mafuta. Uliozuia mpango ule ni upinzani wa wenyeji na wahifadhi, na mamlaka ya mazingira kuukataa. Hakuna aliyeununua msitu ule kwa faida ya hisa. Mngekuwa na hati, mngelala vizuri zaidi.

Baada ya ardhi, ndipo pesa ya mishahara. Ningeweka shilingi milioni 1.4 kwenye hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Kiwango cha chini ni 50,000, unafungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu hapo ulipo kwenye kompyuta, na riba inaingia kila miezi sita. Kwa mfano tu, hatifungani ya miaka 10 au zaidi yenye riba ya asilimia 12 ingekupa 168,000 kwa mwaka, na baada ya kodi ya asilimia 10 ungebaki na 151,200. Ni zaidi kidogo ya nusu ya walinzi wako wawili. Pengo ni 11,400 kwa mwezi, na hilo mshahara wa mtengeneza programu wa Nairobi unalimudu bila kukonda. Usipoona haya, waombe na ndugu walioko Doha na Muscat wachangie. Pesa za harusi hutumwa haraka, na hizi ziombwe kwa sauti hiyohiyo.

Zinabaki 700,000. Hizo ndizo za hisa, kwa sababu riba ya hatifungani haikui, na mfumuko wa bei utaila. Mlinzi wa 12,000 leo hatakuwa wa 12,000 baada ya miaka kumi. Ila achana na kampuni nne au tano. Wewe unaishi ndani ya teknolojia, na hapo ndipo pana hatari yako: sekta ikiyumba, kazi na akiba vinaondoka siku moja, na msitu unabaki bila mtu. Nunua mfuko unaofuata soko zima, kampuni mamia kwa mkupuo mmoja, za intaneti zikiwemo kwa kiasi chake. Nunua kidogo kila mwezi kwa mwaka mzima badala ya siku moja. Pitia kwa wakala aliye kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wale wa makundi ya WhatsApp wanaoahidi asilimia 20 kwa mwezi, sitawajadili hapa.

Kumbuka shilingi nayo ina mwendo wake. Mapema 2020 dola ilikuwa kama shilingi 100, Januari 2024 ikafika 160, kisha mwisho wa mwaka huo ikawa kama 129. Mwenye hisa za dola aliyehesabu utajiri wake Januari 2024 alijiona hodari kuliko alivyokuwa.

Umeandika kana kwamba njia ya kuufikisha utajiri wa teknolojia msituni ni kununua hisa zake. Zipo nyingine. Pesa za Bezos kupitia mpango wa TerraFund zimewafikia vikundi na biashara ndogo za kupanda miti katika Bonde la Ufa la Kenya na katika eneo la Ziwa Kivu na mto Rusizi. Kilifi si Bonde la Ufa, lakini jifunze wanachotakiwa kuwa nacho: usajili, ramani, hesabu za miaka kadhaa, picha za kabla na baada. Kikundi chenye vitu hivyo huwa tayari dirisha linapofunguliwa. Na wewe kwa ujuzi wako unaweza kuwatengenezea ramani na kumbukumbu hizo kwa jioni chache, kazi ambayo vikundi vingi hulipia washauri pesa nyingi.

Kuhusu biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti inaizuia isiende angani, nitakuwa mfupi. Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko ya hekta 117 tangu 2013, ukaleta maji na vitabu vya shule kwa vijiji viwili. Ni mdogo na unaeleweka, ndiyo maana naupenda. Kaboni ya miradi mikubwa zaidi imenunuliwa na kampuni kubwa za teknolojia, kisha bei za kaboni zikatikisika watu walipoanza kuhoji hesabu zake. Sheria yetu ya 2023 inataka asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi iende kwa jamii. Yeyote atakayewafuata wazee na karatasi ya kaboni, mwulizeni kwanza hiyo 40 imeandikwa ukurasa gani.

Na mananasi. Anayefyeka mrihi, mti wa msitu wenu, apande mananasi si mwovu, ana ada ya shule. Hapa ndipo kahawa ya Gorongosa inapokuhusu. Jirani zenu wa msitu wa Arabuko-Sokoke wana mradi wa Kipepeo tangu 1993: wenyeji wanafuga viwavi, na vikishageuka pupa, yaani vikijifunga kabla ya kuwa vipepeo, vinauzwa ng'ambo kwenye maonyesho ya vipepeo, na mti wa chakula cha kiwavi ukikatwa biashara imekufa. Mizinga ya nyuki nayo inafaa sana kwenye maua ya mrihi. Mnaye pia mnana wa Clarke, ndege asiyeishi popote duniani isipokuwa Kilifi, na mazalio yake yalionekana kwa mara ya kwanza 2013 humohumo Dakatcha. Wapo wageni watakaolipa kuongozwa kumwona. Katika zile 400,000 za mwanzo, bakisha za mizinga ishirini hivi, uwape kwanza wale wanaofyeka. Watalalamika walioulinda msitu siku zote, na wana haki. Basi wapeni hao kazi ya doria.

Mwisho, mambo ya karatasi. Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la hisa zake kwa mtu wa Kenya, kwa kuwa hatuna mkataba wa kodi nao, na wakala atakutaka ujaze fomu ya W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si Mmarekani. Mali yako ya hisa za Marekani ikipita dola 60,000 na Mungu akakuchukua, warithi wako wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi ya huko. Mifuko iliyosajiliwa Ireland huikwepa kodi hiyo ya mirathi, na makato ya gawio ndani yake ni asilimia 15. Kwa 700,000 bado uko mbali na kiwango hicho, lakini kuchagua mfuko sahihi leo ni rahisi kuliko kuhamisha kesho.

Kila Januari fanya hesabu moja. Hisa zikizidi theluthi moja ya mali yote, uza ziada ununue hatifungani. Zikiwa zimeanguka, usiuze hata moja. Walinzi wanalipwa kwa riba na mshahara wako. Na ardhi ikishasajiliwa, hamisha akaunti zote kutoka jina lako kwenda kwa amana iliyoandikishwa, watia saini watatu, mmoja wao awe mzee asiyekuogopa.